Nukta mbili zilizonitoa jasho

Yule kaka aliyeniambia "mdogo wangu, wewe angalia sqlcode tu, ikisoma sifuri kazi imeisha" aliniponza. Sqlcode ni namba inayoonyesha kama amri ya hifadhidata imepita bila kosa. Sifuri niliipata. Nusura nipate na kesi.

Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Mzee mwenye duka la vipuri alitaka mteja mmoja, kadi 2207, afutwe pamoja na manunuzi yake. Programu yao ni ya C, amri za SQL (lugha ya hifadhidata) zimepachikwa humohumo kwa EXEC SQL, kisha kigeuzi kiitwacho ecpg kinazigeuza ziongee na hifadhidata ya PostgreSQL, au Postgres kwa kifupi. Nikaweka 2207 kwenye kigeu cha C (chombo cha kushikia thamani) nilichokiita kadi, nikaandika:

EXEC SQL DELETE FROM wateja WHERE kadi = kadi;

Ikagoma kwa kosa namba 23503: mteja ana mauzo, hafutiki kabla ya mauzo yake. Nikapiga ROLLBACK, amri ya kutengua (bila hiyo Postgres inakataa kila amri inayofuata), nikanakili mstari uleule, mahali pa wateja nikaweka mauzo. Sifuri safi! Nikaanza hata kupiga mluzi.

Kilichoniokoa ni uoga. Kabla ya COMMIT, amri inayothibitisha mabadiliko, huwa naweka printf ya kuandika kwenye skrini sqlca.sqlerrd[2], yaani idadi ya rekodi zilizoguswa, halafu getchar() programu isubiri nibonyeze Enter. Nilitegemea thelathini na kitu. Skrini ikaandika 18640. Kidole kilishafika juu ya Enter! Nikakiondoa polepole kama mtu aliyeona nyoka karibu na mguu, nikapiga Ctrl+C. COMMIT haikuwa imepita, kwa hiyo Postgres ikarudisha kila kitu.

Kosa? Nukta mbili. Kigeu cha C lazima kitanguliwe nazo, :kadi. Bila hizo, kadi ya kulia nayo inasomwa kuwa safu ya jedwali, ikawa nauliza kama kadi inalingana na yenyewe. Sasa nani hailingani? Na ile 23503 ilishaninong'oneza: logi ya seva ilitaja kadi 1001, siyo 2207. Sikuisoma, nilikuwa na haraka ya kuwa bingwa.

Siku hizi vigeu vyangu naviita h_kadi, h_tarehe. Nikisahau nukta mbili, Postgres yenyewe inapiga kelele kwamba hakuna safu ya jina hilo. Wenzangu mnaoandika kwa lugha ya COBOL, kwenu ile idadi ya rekodi zilizoguswa iko SQLERRD(3). C huanza kuhesabu na sifuri.

Mara ya pili: mauzo 34, mteja 1, COMMIT. Mzee akanipa elfu ishirini hivi na soda, akauliza, "Kufuta mtu mmoja ndiyo umekaa mpaka saa kumi?"