Nikishuka Ipogolo sipigi picha

Leo nimerudi saa moja usiku, viatu vimejaa tope, na kabla ya kuoga nimekaa kuandika. Nikiacha mpaka kesho nitabaki na picha tu, na picha hainitunzii maneno ya watu.

Tangu Julai mwaka jana, kila Jumapili nisiyo na zamu natoka na baiskeli na kamera kuzunguka Iringa mjini. Baiskeli ni Phoenix ile nzito ya mabomba mawili, aliyoniachia baba mdogo alipohamia Makambako. Haina gia. Breki zake ni za vyuma, na mvua ikinyesha huwa zinachelewa kushika. Kamera ni ndogo, niliinunua mkononi kwa mtu, nayo hukaa kwenye begi la kitambaa alilonishonea dada yangu.

Kwa msiofika huku: mabasi ya Dar na Mbeya yanapita bondeni, Ipogolo, kwenye barabara kuu ya TANZAM, jirani na mto Ruaha Mdogo. Mji wenyewe uko juu, ukingoni mwa mlima, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Jina Iringa limetokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Lilinga ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ilikuwa Kalenga, na Wajerumani waliibomoa kwa mizinga Oktoba 1894, kisha wakaja kuweka kituo chao huku juu. Simama Ipogolo na baiskeli isiyo na gia, inua macho, utaelewa kwa nini askari angepapenda.

Kushuka kilima kile ni dakika chache. Upepo unakutoa machozi, vidole vyote viko kwenye breki, macho yote yako kwa lori lililo mbele. Sijawahi kupiga picha hata moja nikishuka. Kupanda ni kusukuma, mwanzo mpaka mwisho.

Wiki iliyopita nilimwaga picha zote kwenye kompyuta nikazichambua. Baada ya kufuta zilibaki sitini na kitu. Karibu zote nilizipiga nikiwa nimeshuka kwenye baiskeli, nasukuma: Ipogolo, njia ya kwenda Gangilonga, mpando wa Kihesa. Zile za Barabara ya Uhuru, ambako naendesha kwa raha na kupiga nyingi kuliko kwingine kote, hazikubaki hata kumi.

Anayesukuma baiskeli anakwenda mwendo wa watu. Unajikuta sambamba na mama mwenye ndoo kichwani, humpiti na yeye hakupiti, na mtu hawezi kutembea hivyo dakika kumi bila kusalimia. "Kamwene," anasema. "Kamwene, mama." Baada ya hapo ni mvua, ni mahindi, ni bei ya mbolea. Kamera ikitoka kwenye begi inatoka katikati ya mazungumzo, na uso wa mtu haubadiliki.

Hivyo ndivyo nilivyompata mzee wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, Januari, mvua zikiwa zimekolea. Alikuwa na madumu matatu ya lita ishirini, mawili ubavuni na moja juu ya keria, yamefungwa kwa mipira iliyochanwa kutoka kwenye tyubu ya gari. Midomo ya madumu haikuwa na mifuniko. Alikuwa ameiziba kwa vishungi vya majani, na kila gurudumu lilipoingia kwenye shimo, povu jeupe lilipenya katikati ya majani likachuruzika ubavuni mwa dumu.

"Ukifunga mfuniko linafura," aliniambia. "Litakupasukia njiani. Huu ni wa alfajiri, bado mtogwa, lakini unachemka wenyewe."

Ulanzi hugemwa wakati wa mvua, machipukizi ya mianzi yakiwa bado laini. Mgemaji hukata ncha, hufunga mbeta, yaani chombo cha mwanzi, chini yake, kisha hurudi asubuhi na jioni kukata tena kipande chembamba ili utomvu usikome. Ule mpya, mtamu, ndio mtogwa. Ukishachacha ukakolea unaitwa mkangafu, na huo si wa kunywa ukiwa na safari. Mzee alinieleza yote haya huku akisukuma, pumzi inakatika, mimi nasukuma pembeni yake. Tulipofika kwenye kona alisimama kupumzika, nikamwomba, akakubali. Nilipiga lile povu. Mvua ilikuwa imetoka kukatika na jua limepenya chini ya mawingu upande wa magharibi. Povu liling'aa na dumu la njano likang'aa nyuma yake. Niliipenda kuliko zote nilizowahi kupiga.

Februari niliamua kuzirudisha picha kwa wenyewe. Nilichagua kumi na nane nikapeleka kusafisha. Studio ya kwanza ilizitoa zote zina rangi ya bluu, hata nyanya zilikuwa za zambarau, na nilipolalamika nikaambiwa karatasi ndiyo ilivyo. Niliumia, maana fedha ile niliikusanya kwa shida. Nikaenda kwingine, nikalipa upya, zikatoka vizuri.

Wa kwanza alikuwa mama anayeuza nyanya karibu na Soko Kuu. Nilikuwa nimempiga jioni moja ya Novemba, mwanga umepita kwenye turubai jekundu na kumwagikia mashavu. Nilitaraji atazame uso wake. Aliisogeza picha karibu na macho, akaanza kuhesabu kwa kidole.

"Saba," alisema. "Unaona? Fungu la mia tano lilikuwa na nyanya saba. Leo kwa mia tano hiyohiyo nakupangia nne, na moja ina doa. Mvua hizi zimezioza shambani." Kisha akagusa pembe ya picha, pale ambapo mimi niliona kivuli tu. "Na huyu jirani yangu ametokea mgongo. Ulimpata bado yuko. Amekwenda kujifungua kwao Ilula." Akaniomba nyingine kwa ajili ya jirani.

Siku hiyohiyo nilikwenda Mlandege kwa fundi baiskeli. Yeye hufanya kazi chini ya mti, na karai la maji, kopo la solusheni, msasa na benchi lenye mguu mmoja wa tofali. Nilikuwa nimepiga mikono yake ikizamisha tyubu kwenye karai, mapovu madogo yanapanda mahali penye pancha. Aliitazama akatikisa kichwa. "Hesabu viraka, kaka." Nikahesabu: kumi na moja, na vingine vimepandana. "Tyubu hii nilishamwambia mwenyewe aitupe. Akasema, weka kimoja tena, mwezi ujao nanunua. Mpaka leo anaitumia."

Nilikuwa nimeifungua picha ile kwenye kioo mara hamsini. Viraka vile sikuviona. Niliona mapovu, niliona mwanga kwenye maji, nikaona mishipa ya mkono. Nilisikitika kwanza, kisha nikafurahi sana, na furaha hiyo ndiyo inayoniandikisha usiku huu. Nilidhani napiga uzuri wa mji wangu. Watu wa mji wangu walisoma kwenye picha hizohizo bei, msimu, deni, mtu aliyekuwepo na sasa hayupo. Picha ilikuwa na mambo mengi kuliko mpigaji.

Tangu hapo nimebadilisha namna ya kuomba. Zamani nilisema, "Naomba nikupige picha." Siku hizi nauliza, "Nikipiga picha ya kazi yako, nipige wapi?" Majibu yananishangaza kila mara. Bibi mmoja wa Kihesa anayesuka vikapu vya milulu, aina ya nyasi, alikataa nisipige mdomo wa kikapu, palipo na michoro ya rangi ambayo wanunuzi huitafuta. Alikigeuza juu chini, akanionyesha kitako, mahali pale nyuzi za kwanza zinapopishana. "Hapa, mwanangu. Mwanzo ukikosea, kikapu kizima kinakaa upande. Huko juu hata mjukuu wangu anaweza." Nikapiga magoti nikapiga kitako cha kikapu.

Wapo wanaokataa kabisa. Kijana mbeba mizigo pale Miyomboni, umri wa mdogo wangu, aliniangalia kwa upole akasema, "Kaka, nyumbani wanajua nipo dukani. Mama akiniona na gunia mgongoni atalia." Nikairudisha kamera kwenye begi. Tulikaa kidogo kwenye ukingo wa mtaro tukala karanga. Namfikiria mara nyingi kuliko wengi niliowapiga.

Gangilonga pia nimepanda, kama kila mtu. Ni lile jiwe kubwa la juu ya mji, na kwa Kihehe jina lake ni jiwe linaloongea. Jua likizama unaona mabati yote ya mji yanawaka kwa pamoja. Picha zake ni nzuri na nimezihifadhi, ila sina wa kumrudishia.

Leo nilikwenda Ipogolo mapema nikamsubiri mzee wa ulanzi. Picha yake niliitunza ya mwisho kwa sababu sikumwona wiki nne mfululizo na nilianza kuogopa. Saa tisa alitokea upande wa Tanangozi, baiskeli ileile, madumu yaleyale.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye wa kamera."

Alifuta mikono kwenye suruali, akaishika picha kwa kingo tu, kama mtu anayeshika sahani ya moto. Alikaa nayo muda mrefu. Sikusema kitu.

"Hili la kulia limefungwa vibaya," alisema hatimaye. "Mpira umepita juu ya mkono wa dumu, ulitakiwa upite ndani. Alifunga mwanangu siku hiyo, mimi mgongo ulikuwa unaniuma." Akaitazama tena. "Nitamwonyesha." Akaitia kwenye mfuko wa plastiki, akaukunja, akauweka mfuko wa shati wenye kifungo.

Kisha akatazama kilima, akaitazama baiskeli yangu. Mgongo bado unamsumbua, alisema, ndiyo maana amekuwa haji. Akaniambia niiache yangu kwa kijana wa chipsi nimsaidie kusukuma nyuma. Nikaiacha. Yeye akashika usukani, mimi nikaegemeza viganja kwenye dumu la juu na kuinama. Tulisimama mara tano. Barabara ilikuwa na utelezi pembeni na malori yalitusogelea, na kila tulipopita kwenye shimo, povu lilitoka kwenye majani likanimwagikia mikononi, vuguvugu, likaingia ndani ya mikono ya shati. Juu, karibu na nyumba za kwanza, mama mmoja alituletea maji kwenye jagi bila kuombwa.

Nilishuka kwa miguu kuchukua Phoenix yangu, giza limeanza, nikaisukuma kilima kilekile mara ya pili. Shati bado linanukia ulanzi. Jumapili ijayo mzee ananipeleka kwenye mianzi yenyewe. Amesema nifike saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kukata, na nisichelewe kwa sababu mianzi haisubiri. Nitatoka hapa saa tisa usiku. Taa ya mbele haiwaki, kesho nampelekea fundi wa Mlandege.