Mtoto wa Mbwa wa Aina Ndogo Atafikia Kilo Ngapi?

Nilipomchukua mbwa wangu Pamba hapa Mbeya akiwa na umri wa wiki 8, muuzaji alinihakikishia kwamba ni Maltese halisi, aina ya mbwa wadogo weupe, na kwamba hatazidi kilo 2 maisha yake yote. Alikuwa na gramu 900 na manyoya meupe, na mama yake sikuonyeshwa. Leo ana mwaka mmoja na miezi mitatu, na uzito wake ni kilo 4.8. Mapenzi yangu kwake hayakupungua hata kidogo, lakini nimeona mbwa wengine wakitelekezwa mitaani kwa sababu tu walizidi kimo walichoahidiwa wamiliki wao, na jambo hilo linaniuma.

Ningalijua mapema kwamba kiwango cha FCI, shirikisho la kimataifa la aina za mbwa, kwa Maltese ni kilo 3 hadi 4, ahadi ya kilo 2 ningeitilia shaka papo hapo. Hata Chihuahua, ambaye ni mdogo kuliko wote, anaruhusiwa kufikia kilo 3.

Kila Jumamosi nilimpeleka kwa jirani yangu mwenye duka, nikamweka ndani ya beseni juu ya mizani, nikatoa uzito wa beseni na kuandika kilichobaki daftarini. Watu wengi hugawa uzito kwa idadi ya wiki kisha wakazidisha kwa 52. Pamba alipotimiza wiki 12 alikuwa na kilo 1.5, na hesabu hiyo ikanipa kilo 6.5, kwa sababu inachukulia kwamba mbwa hukua kwa mwendo uleule mwaka mzima. Mbwa wa aina ndogo hawakui hivyo: hukimbia mwanzoni, kisha wengi wao humaliza kukua kati ya miezi 8 na 12, ilhali mbwa wakubwa sana huendelea hata kupita mwaka mmoja na nusu. Kwa wadogo, kipimo kinachofaa zaidi ni uzito wa karibu miezi minne, ambao kwa kawaida hukaribia nusu ya uzito wa utu uzima. Katika wiki ya 16 Pamba alikuwa na kilo 2.3, mara mbili yake ni 4.6, na tofauti ya gramu 200 naikubali bila kinyongo.

Ukubwa wa nyayo, ambao kila mgeni huukagua, hausemi mengi kwa mbwa wa aina hii. Uzito na kimo cha wazazi husema zaidi, hasa kwa chotara, ingawa hata ndugu wa uzao mmoja hutofautiana.

Jambo linalonitia hofu kuliko hesabu zote ni ushauri, ambao nimeusikia kwa masikio yangu, wa kumpunguzia mtoto wa mbwa chakula ili abaki mdogo. Huo ni ukatili. Mtoto mdogo kiasi hicho ana akiba ndogo mno mwilini, na akikaa muda mrefu bila kula, sukari ya damu hushuka, akaanza kutetemeka, kulegea na hata kuzimia. Na baridi yetu ya Juni na Julai humzidishia hatari hiyo. Alishwe mara tatu au nne kwa siku, na uzito ukisimama kwa wiki mbili kabla ya miezi sita, apelekwe kwa daktari wa mifugo, maana mara nyingi chanzo huwa ni minyoo.

Mwezi uliopita mdogo wangu aliyeko Iringa alitaka kununua mtoto wa mbwa kama Pamba, nami nikamwomba kwanza ampime mama mtu. Alikuwa na kilo 5. Mtoto mwenyewe sasa ana wiki 13 na kilo 1.9, nasi tunasubiri wiki ya 16.