H05.2 au H06.2? Msimbo wa jicho lililotokeza

Kabla ya kuandika msimbo wowote, angalia mfumo wako unatumia toleo gani la ICD-10, orodha ya misimbo ya magonjwa. Ukitafuta mtandaoni utaletewa H05.243, yaani macho yote mawili yametokeza muda wote. Huo ni wa ICD-10-CM, toleo la Marekani, ambamo tarakimu ya mwisho hutaja upande: 1 kulia, 2 kushoto, 3 yote mawili, 9 upande haukutajwa. ICD-10 ya WHO, Shirika la Afya Duniani, inaishia H05.2. Ukiingiza tarakimu za ziada kwenye mfumo wa WHO, dai la bima linarudi.

Ndani ya WHO, H05.2 hubeba jicho lililosukumwa mbele, na pia uvimbe wa maji au damu iliyovuja ndani ya tundu la jicho. Lakini faili likisema chanzo ni tezi ya thairoidi, H05.2 si mahali pake. Hapo zinahitajika namba mbili: E05.0 ya ugonjwa wa Graves (tezi kufanya kazi kupita kiasi), yenye alama ya msalaba inayoonyesha chanzo, na H06.2 ya jicho, yenye nyota inayoonyesha athari ya chanzo hicho. Msimbo wa nyota hausimami peke yake kamwe. Miongozo ya WHO ya miaka ya karibuni inaruhusu H06.2 kutangulia iwapo macho ndiyo yaliyotibiwa siku hiyo, ila E05.0 haiachwi. Kliniki za macho huisahau sana, maana dawa za tezi hutolewa chumba kingine. Na usiipeleke H06.2 kwenye toleo la Marekani, huko haipo.

Kwa watoto, kuwa mwangalifu zaidi. Jicho kubwa la glakoma (presha ya jicho) ya kuzaliwa ni Q15.0: jicho lenyewe limetanuka, halijasukumwa na kitu nyuma yake. Jicho jekundu lililovimba lenye homa, daktari akiandika selulaitisi (maambukizi ya tishu) ya tundu la jicho, ni H05.0. Retinoblastoma, saratani ya retina, ni C69.2, hata kama jicho limeshatokeza.

Faili lisilotaja chanzo lirudishwe kwa daktari. Usikisie tezi kwa sababu tu mgonjwa ni mwanamke mwenye rovu. Maelezo yanayotosha ni mafupi: “Hertel kulia 23, kushoto 19, TSH iko chini, Graves.” Hertel ni kipimo cha milimita ambazo jicho limetokeza, na TSH ni homoni inayochochea tezi. Tofauti ya milimita 2 au zaidi kati ya macho huchukuliwa kuwa si ya kawaida, kwa hiyo namba hizo zikiwemo, mkaguzi wa bima hana pa kushika. “Macho makubwa” peke yake ni maelezo ya sura.