Wiki ya wageni, kliniki ya selimundu na chupa ya maji

Septemba iliyopita, shule zilipofunga kwa likizo fupi, wifi yangu alipanda treni Tabora akaja Kigoma na watoto wake wawili, na wiki hiyohiyo kijana wangu wa pili, mwenye umri wa miaka 8, alikuwa na tarehe ya kliniki ya selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, siku ya Alhamisi. Miaka ya nyuma ningemwomba wifi aahirishe safari, au ningewaacha wenzetu watembee huku mimi na kijana tumebaki nyumbani Gungu tukiisubiri Alhamisi kama watu wanaosubiri msiba. Safari hii sikufanya hivyo. Ninaandika jinsi nilivyoipanga wiki ile kwa sababu ninawafahamu wazazi wengi wanaowanyima watoto hawa matembezi kwa hofu, na ninawafahamu pia ambao matembezi yakinoga husahau dawa.

Jumapili, baada ya kuwapokea wageni stesheni na kuwalisha, niliteremsha kalenda ya ukutani nikaanza kwa kuizungushia Alhamisi wino mwekundu. Nilipanga siku nyingine zote kwa kuiangalia hiyo. Jumatatu tungekwenda Ujiji kwa mama mkwe, Jumanne ziwani, Jumatano wifi alitamani tupande boti Kibirizi twende Gombe wakawaone sokwe, na Ijumaa ibaki ya kupumzika, kwa kuwa siku ya kutolewa damu na kusubiri foleni humchosha mtoto kuliko matembezi yoyote. Mume wangu alikuwa kazini Kasulu, hivyo msaidizi wangu alikuwa wifi, na usiku ule niliona ni lazima nimweleze vizuri anachosaidia.

Nilimweleza kama nilivyoelezwa mimi. Mtoto mwenye selimundu ana chembe nyekundu za damu ambazo, zikikosa hewa ya kutosha, hujikunja mfano wa mundu, zikawa ngumu na kunasa kwenye mishipa midogo. Hapo ndipo maumivu makali ya mifupa, tumbo au kifua yanapoanza. Chembe ya kawaida huishi siku 120 hivi, lakini hizi huvunjika baada ya siku 10 hadi 20, ndiyo maana damu yake iko chini siku zote hata akiwa anacheza mpira. Yanayochokoza maumivu ni kukaukiwa maji mwilini, baridi, uchovu na homa. Wifi alisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Sasa wifi, ziwani atakwenda kweli, au tutamfungia ndani peke yake?" Nikamjibu kwamba atakwenda, ila atakwenda na chupa yake.

Chupa hiyo ndiyo iliyonisaidia kuliko kitu kingine chochote. Ni chupa ya plastiki ya nusu lita yenye mfuniko wa bluu, na shingoni mwake nilivalisha mipira minne myembamba, ile ya kufungia noti. Kila akiimaliza anavua mpira mmoja na kuuvaa mkononi kama bangili, kisha tunaijaza tena. Daktari alikuwa amesema kwa uzito wake asinywe chini ya lita moja na nusu kwa siku, na siku za jua kali azidishe. Jua la Kigoma la Septemba, kabla mvua hazijaanza, linahitaji hiyo mipira yote minne. Zamani nilikuwa nikimuuliza "umekunywa maji?" naye ananijibu "ndiyo, mama" bila kunitazama. Sasa ninautazama mkono wake tu.

Ujiji tulikwenda kwa bajaji mbili. Watoto walimwamkia bibi yao, wakala ugali wa muhogo kwa migebuka iliyoungwa kwa mawese, na jua lilipopungua tukawapeleka kwenye makumbusho ya Livingstone, mahali alipokutwa na Stanley mwaka 1871, ambapo wanaonyeshwa miembe iliyotokana na ule wa zamani. Mama mkwe alituvuta pembeni akasema ameandaa mizizi ya kuchemsha kwa ajili ya "baridi ya mifupa" ya mjukuu wake. Sikumbishia mbele za watu, kwa sababu mama yule ndiye aliyembeba mtoto wangu mgongoni usiku wa maumivu yake ya kwanza kabisa, na ninajua moyo uliompeleka kutafuta ile mizizi. Nilimwambia, "Mama, dawa ya kliniki anayotumia inapimiwa damu, na kuichanganya na nyingine bila daktari kujua kunaweza kumdhuru. Nipe jina la mti nikamuulize Alhamisi." Akanitajia, nikaandika kwenye daftari. Aliridhika, nami sikuwa nimemdanganya, maana nilikusudia kuuliza, na niliuliza.

Jumanne tulikwenda ufukoni, mbele ya Katonga. Tulichagua sehemu ya mchanga mtupu na maji maangavu, mbali na majani, kwa sababu konokono wa kichocho hukaa kwenye majani na maji yaliyotulia. Niliwapangia waogelee mchana jua likiwa juu, na kijana wangu atoke kila baada ya robo saa ajikaushe. Mambo yalikwenda vizuri hadi saa kumi alasiri, upepo ulipoanza kuvuma nami nikiwa nimeshughulika na mtoto mdogo wa wifi aliyekanyaga kigae. Nilipogeuka, kijana alikuwa bado majini. Alitoka akitetemeka, midomo imepauka rangi, na ngozi ya mikono imesimama vinyweleo. Nilimvua nguo mbichi palepale, nikamfuta kwa kanga kavu, nikamvalisha sweta na kumnywesha uji wa moto niliobeba kwenye chupa ya chai. Lile kosa lilikuwa langu. Tangu hapo, tukienda majini, mtu mmoja mzima hana kazi nyingine ila kumwangalia yeye.

Usiku alilalamika mguu wa kulia chini ya goti. Kwenye daftari langu nimeandika masharti niliyokubaliana na daktari, ili nisiamue mambo usiku kwa woga: nimpime joto, likifika nyuzi 38 twende hospitali bila kusubiri asubuhi, kama hana homa nimpe parasetamoli kwa kipimo cha uzito wake, maji, na kitambaa cha uvuguvugu, maumivu yakizidi, au akibanwa kifua, au akianza kupumua kwa shida, twende. Kipimajoto kilisoma 37.1. Nilimgusa pia chini ya mbavu za kushoto, kama nilivyofundishwa na muuguzi, kuona kama bandama imevimba, kwa sababu bandama ikivimba ghafla hunyonya damu na mtoto anaweza kuzidiwa kwa saa chache. Ilikuwa laini kama kawaida. Wifi alikaa naye akimkanda taratibu, na kabla ya saa sita usiku mguu ulikuwa umetulia akalala.

Asubuhi nilifuta Gombe. Watoto wa wifi walinuna, na wifi mwenyewe aliumia kidogo, lakini sikuweza kumpandisha boti ya upepo na kumkweza milima ya kule siku moja baada ya mguu kuuma, mahali ambapo kurudi mjini kunategemea boti. Tulishinda nyumbani chini ya mwembe, wakacheza bao na kula asali ya Tabora kwa mihogo ya kuchoma.

Alhamisi tulifika kliniki saa kumi na mbili na nusu asubuhi, wifi akiwa pamoja nasi. Kijana alipimwa uzito, akatolewa damu kwa ajili ya picha kamili, yaani kuhesabiwa chembe zake za damu, kwa kuwa haidroksiyurea, ile dawa ya kliniki anayotumia, inaweza kushusha chembe nyeupe na haiongezwi bila kuangalia. Wingi wa damu ulikuwa 8.2, na kwa yeye hiyo ni nzuri. Kwa sababu uzito wake ulikuwa umeongezeka, daktari alipandisha dozi. Nilisoma daftari langu lote kwa sauti, hadi usiku wa Jumanne na mizizi ya mama. Kuhusu mizizi alisema tusimpe, na akaniandikia maneno mafupi ya kumsomea bibi, jambo lililonifariji sana.

Kwenye foleni ndipo wifi aliponiuliza kwa nini ni huyu peke yake kati ya watoto wangu watatu. Nilimweleza kwamba mimi na kaka yake kila mmoja amebeba kinasaba kimoja bila kuumwa, na kila ujauzito wetu ulikuwa na nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mwenye ugonjwa. Alinyamaza. Kisha akasema, "Kama kaka anacho, basi na mimi naweza kuwa nacho." Nikamwambia ndiyo, na mume wako pia apimwe, maana bado mnataka watoto.

Jumapili tuliwasindikiza stesheni. Kijana alimpa binamu yake bangili zake mbili za mpira dirishani kabla behewa halijasogea. Juzi wifi amenipigia kwamba yeye amebeba kinasaba hicho, mume wake hana, na Desemba wanatutaka Tabora. Tarehe ya kliniki ya Novemba nimeshaizungushia. Nitamuomba daktari dawa za kutosha siku zote za safari, na chupa nyingine nimeshanunua.