Jinsi nilivyoondoa kaveera ofisini kwetu Kampala

Mimi ni afisa rasilimali watu. Dampo la Kiteezi lilipoporomoka Agosti 2024 na kufukia watu, nililitazama pipa letu la taka nikaumia: kila mchana kaveera, yaani mifuko ya plastiki, vikombe vya plastiki, na hati za mishahara zilizochapishwa bure.

Kwanza nilibandika tangazo. Halikusaidia kitu.

Ndipo nikashika yaliyo mikononi mwangu. Mfanyakazi mpya sasa hupewa kikombe cha chuma siku anayotia saini mkataba. Hati za mshahara huenda kwa simu. Kazi kubwa ilikuwa chakula. Nilikaa na mama anayetupikia, nikamuuliza kwa nini anafungia kwenye kaveera.

"Mwanangu, matoke nayapika ndani ya majani ya ndizi. Plastiki mliitaka ninyi wenyewe, kwa kuwa hamna sahani."

Alisema kweli. Tukanunua sahani, na maganda yanachukuliwa na jirani mfugaji. Kuosha vyombo kulileta ugomvi wiki mbili nzima, hadi nikapanga zamu, mkurugenzi akiwemo.

Pipa lililokuwa likijaa kila siku sasa hujaa Ijumaa.