Nilivyoikusanya historia ya redio za Mombasa kutoka kabatini kwa watu

Ukitaka historia ya redio za Mombasa, usianzie vituoni. Vituo hubadilisha jina, huhama jengo, hubadilisha wamiliki, na kanda zao hufutwa zikarekodiwa upya kwa sababu kanda ni pesa na kipindi cha jana hakina mnunuzi. Historia yenyewe iko kabatini kwa watu, Kibokoni, Kuze, Makadara, Majengo, Likoni, ndani ya maboksi ya viatu. Mimi ni mwalimu wa historia shule ya upili, na nilitaka wanafunzi wangu waweze kusikia, si kusoma tu, vituo vya kwao vimetoka wapi. Naeleza hapa nilivyofanya, kwa kuwa najua wako wenzangu Lamu, Malindi, Tanga na Unguja wanaotamani kazi kama hii na hawajui pa kuanzia.

Kabla sijabisha hodi kwa mtu nilijipangia tarehe zilizo wazi. Redio ilianza Kenya mwaka 1928, Nairobi, ikawa ya walowezi na ya Kiingereza. Waafrika walianza kutangaziwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, jamaa za askari waliokuwa mbali wakitaka habari. Miaka ya 1950, chini ya shirika lililoitwa Kenya Broadcasting Service, vikawekwa vituo vya mikoani: kimoja Nyeri, kimoja Kisumu, na hapa kwetu Sauti ya Mvita, iliyotangaza kwa Kiswahili na Kiarabu.

Hapo wanafunzi huuliza, kwa nini Kiarabu? Swali hilo nalipenda, maana linamlazimisha mtu kukumbuka kwamba ukanda wa pwani wa maili kumi ulikuwa bado milki ya Sultani wa Unguja, Waingereza wakiuendesha kwa mkataba wa 1895, mpaka uhuru wa Desemba 1963. Na masikio ya watu wa Mombasa hayakuwa yakielekea Nairobi. Yalielekea baharini. Sauti ya Unguja ilikuwa hewani tangu 1951, na mwaka 1954 Cairo ikaanza matangazo ya Kiswahili yenye maneno makali juu ya ukoloni. BBC nayo ikaanza idhaa yake ya Kiswahili Juni 1957. Mawimbi ya kati husafiri vizuri mno juu ya maji ya chumvi, hasa usiku, kwa hiyo mtu akiwa barazani kwake Mji wa Kale aliweza kumsikia mtangazaji wa Unguja kama yuko mtaa wa pili. Sauti ya Mvita ilizaliwa katikati ya mashindano hayo, na kwangu huo ndio ufunguo wa kuielewa.

Baada ya uhuru serikali ikayachukua matangazo yote mwaka 1964 na jina likawa Voice of Kenya, Sauti ya Kenya. Mwaka 1989 likarudishwa jina la KBC, yaani Kenya Broadcasting Corporation. Nasema likarudishwa, kwa kuwa KBC lilikuwa pia jina la shirika kabla tu ya Sauti ya Kenya. Jambo hili dogo ni muhimu kwa mtu anayepanga kanda: ukimsikia mtangazaji akisema KBC, usikimbilie kuandika miaka ya 1990.

Tarehe za sheria na leseni nilizithibitisha katika Gazeti Rasmi la Serikali. Matoleo yake ya tangu zama za ukoloni yamewekwa kwenye mtandao, bure, na mtu anaweza kuyapekua akiwa nyumbani kwake usiku. Ni kazi ya macho tu. Kazi ya masikio ndiyo ngumu, na ndiyo tamu.

Kumwuliza mzee "kituo hiki kilianza mwaka gani" hakumfikishi mtu popote. Muulizwaji ni mstaarabu, hataki urudi mikono mitupu, atakupa mwaka wowote. Swali linalofungua kinywa ni hili: redio yenu ya kwanza ilikaa wapi ndani ya nyumba, na nani alikuwa na ruhusa ya kuigusa? Bi mmoja wa Kibokoni alinieleza kuanzia hapo mpaka kahawa ikapoa. Redio yao ilikuwa ya mbao, juu ya kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa alichokifuma mamake mwenyewe, na aliyezungusha kile kifundo alikuwa babake peke yake. Wanawake walisikiliza kutoka ndani, mlango umeachwa wazi kidogo.

Kisha nikamtajia tukio. Bila tukio kumbukumbu haina pa kushika. Nilimwuliza Januari 1964, mapinduzi ya Unguja, yale John Okello aliyoyatangaza redioni, walisikiaje. Akanyamaza, halafu akasema, "Tulikuwa na watu wetu kule, mwanangu. Ile sauti ya Okello yasema mambo ya kutisha. Mama aizima, baba aiwasha. Mama aizima, baba aiwasha." Kwa dakika zile nilijifunza mengi zaidi juu ya redio na Mombasa kuliko niliyoyapata katika kurasa zote za Gazeti.

Tangu hapo nikawa na matukio yangu ninayokwenda nayo kila nyumba. Tarehe 22 Agosti 1978 ni la pili. Mzee Kenyatta alifariki hapahapa, Ikulu ya Mombasa, na bado watu wa mji huu walingoja redio iwaambie. Jumapili ya 1 Agosti 1982, jaribio la mapinduzi, ni la tatu: kila mwenye umri wake aikumbuka sauti ya Leonard Mambo Mbotela, aliyelazimishwa na wanajeshi kusoma tangazo kwamba serikali imepinduliwa. Wengi hawajui kwamba huyu ni mtoto wa Mombasa, wa ukoo wa Freretown. Wanafunzi wangu wanaopita Freretown kila siku kwa matatu walishangaa sana kwamba bwana wa "Je, Huu ni Ungwana?", kipindi kilichoanza 1966, ametoka kule. Alifariki Februari 2025, nami nasikitika kwamba sikuwahi kumkalisha kitako.

Sasa kanda. Watu wa Mombasa walirekodi sana kutoka redioni, na sababu kubwa ni taarabu. Nyimbo za Juma Bhalo, Zein l'Abdin, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma zilipochezwa hewani, mtu alibonyeza kitufe. Miaka ya santuri ilipopita na kaseti kuingia, maduka kama Mbwana Radio Service yalikuwa yakiuza kanda za waimbaji hawa, lakini kurekodi redioni hakukuhitaji pesa, na kwetu sisi kuna faida ya ziada: aliyerekodi hakuwahi kuzima kwa wakati. Wimbo ukiisha, ndani ya kanda mna sekunde kadhaa za mtangazaji, saa, salamu, wakati mwingine mwanzo wa taarifa ya habari. Hazina yangu yote iko katika sekunde hizo.

Nilipofika kwa Bi yule mara nyingine alinitolea boksi. "Wazitakia nini kanda hizi? Zishaingia ukungu." Kweli zilikuwa na ukungu, weupe kama vumbi la unga kandokando ya utepe, kwa sababu ya hewa yetu ya chumvi na unyevu. Nikamwambia, "Nipe nizisikize tu, Bi, nitakurudishia zote." Akanipa, kwa sharti nitakalolieleza chini.

Kanda yenye ukungu haichezwi papo hapo. Nilizitia kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, zikakaa mpaka zikakauka. Nikazifungua skrubu tano, nikaupangusa utepe kwa kitambaa laini, nikazirudisha. Kisha nikaizungusha kila kanda mwanzo hadi mwisho na kurudi bila kuicheza, ili utepe ulioganda uachane. Kanda za dakika 90 zataka huruma zaidi, kwa sababu utepe wake ni mwembamba kuliko wa zile za 60 na hujinyonga kwenye rola upesi. Hedi ya mashine, kile kichwa kinachosoma utepe, niliisafisha kwa pamba na spiriti baada ya kila kanda, si mwisho wa siku. Fundi mmoja wa redio pale Mwembe Tayari alinionyesha kuigeuza skrubu ndogo kando ya hedi, taratibu, mpaka sauti iliyokuwa imezibwa ikafunguka. Mashine iliyorekodi kanda ile hedi yake ilikuwa imeinama kidogo, basi na yangu yapaswa kuinama vilevile. Nilihifadhi katika faili za WAV, ambazo ni nzito lakini hazipunguzi kitu, na nakala nikaziweka mahali pawili tofauti.

Kuzipangia miaka ni raha yenye nidhamu. Mtangazaji akisema Sauti ya Kenya, uko kati ya 1964 na 1989. Akimtaja Mtukufu Rais Moi, umeshavuka Agosti 1978. Hapo una miaka kumi na moja, na bei ya sukari katika taarifa ya habari au jina la waziri litakubana zaidi. Kanda moja ina adhana ya magharibi ya Ramadhani, halafu sauti ya mtoto wa nyumbani akiuliza kama sasa aweza kunywa maji, na mama akimjibu angoje adhana iishe. Baada ya hapo mtangazaji anasoma salamu. Kanda hiyo niliwachezea wanafunzi na darasa zima likanyamaza kimya.

Sharti la Bi lilikuwa hili. Kanda nyingi za redio zilikuwa pia zimerekodiwa arusi juu yake: ngoma za chakacha, lelemama, vugo, wanawake peke yao wakiwa huru ndani ya ukumbi wao. Sauti hizo si za kusambazwa. Alitaka nizikate, zirudi kwake tu, zisiingie kwenye kompyuta ya shule. Nilifanya hivyo kwake na kwa kila mtu baada yake bila kuombwa, na ninamsihi yeyote atakayeifanya kazi hii afanye vivyo hivyo. Milango mingi ilinifungukia kwa sababu habari ya jambo hilo ilitangulia kufika.

Televisheni sitaisemea sana. Ilianza Nairobi 1962, na Mombasa ikapata kituo chake mwaka 1970. Picha za zama hizo hazikurekodiwa na watu majumbani, basi kabatini hamna kitu. Mzee mmoja wa Likoni alinieleza walivyokuwa wakisimamisha mabomba marefu juu ya mapaa na kuzielekeza antena kusini ili kuikamata televisheni ya Zanzibar, iliyokuwa na rangi miaka ya mwanzo ya 1970 wakati ya kwetu bado nyeusi na nyeupe mpaka 1978. Siku za joto, hewa ikitulia juu ya bahari, mawimbi hufika mbali kuliko kawaida, kwa hiyo namwamini. KTN, televisheni ya kwanza ya binafsi nchini, ilikuja 1990.

FM ilileta swali ambalo ilibidi nilikate mwenyewe. Leo ukizungusha redio hapa mjini utapata vituo vingi sana, lakini vingi vinasikika Mombasa tu, si vya Mombasa. Studio iko Nairobi, mlingoti uko kwetu. Mimi nimehesabu kuwa cha Mombasa kile ambacho chumba chake cha habari kiko Pwani, mwandishi wake akivuka feri ya Likoni kama sisi. Kwa kipimo hicho Pwani FM ya KBC imo, Baraka FM 95.5 imo, Radio Kaya imo, na vituo vya Kiislamu, Radio Rahma 91.5 na Radio Salaam 90.7, vimo. Naviona hivi kuwa warithi halisi wa Sauti ya Mvita kuliko kituo chochote cha taifa. Mwezi wa Ramadhani, kilichokuwa kipande kidogo cha jioni katika idhaa ya taifa sasa ni mchana kutwa na usiku kucha. Sheria ya 2009 ndiyo iliyotenganisha leseni za umma, za biashara na za jamii, na kwa vituo vidogo hilo lilikuwa jambo kubwa.

Uhamaji wa televisheni kutoka analojia kwenda dijitali mwaka 2015 niliuweka kwenye kitabu nilichokitunga kutokana na kazi hii kwa sababu wanafunzi wangu wakubwa wanaukumbuka: Februari ile televisheni kubwa za binafsi zilizimika kwa majuma, na nyumba nyingi zikarudi kwenye redio. Niliwapa wao ndio wahoji wazazi wao juu ya majuma hayo. Walirudi na kurasa nyingi kuliko nilivyotarajia.

Upande wa Nyali kuna mahali ambapo makondakta bado wanapaita VOK, na wanafunzi wanaoshuka hapo kila siku sasa wanajua ni kifupi cha nini.

Kitabu kiko maktaba ya shule pamoja na sauti zenyewe, na kila mwenye kanda ana nakala ya zake. Ninachokitafuta sasa ni matangazo ya Kiarabu ya Sauti ya Mvita. Yalirekodiwa kwenye rili, yale magurudumu ya utepe ulio wazi, si kaseti, na rili za miaka ya 1950 zitakuwa kwa wachache waliomudu mashine zile. Mashine ya kuzichezea nimeshaipata, inafanya kazi, na fundi wa Mwembe Tayari ameitengenezea mkanda mpya wa kuzungushia.