Siku Niliyopaka Shubiri

Juzi, baada ya jirani yetu wa nyuma kupoteza karibu kuku wake wote kwa kideri, nilikata majani mawili ya mshubiri ulioota kando ya karo, nikayapasua na kuyatumbukiza katika maji ya kuku wangu. Bwana mifugo alikwisha kutuambia zaidi ya mara moja kwamba kideri huletwa na virusi, kwamba shubiri haikizuii, na kwamba kinga yake ni chanjo ya I-2, tone moja katika jicho la kila kuku, inayorudiwa kila baada ya miezi mitatu. Kuku wangu wamechanjwa, lakini mkono wa mtu aliyelelewa Muheza huufikia mshubiri kabla akili haijatoa ushauri wake. Kipusa, binti yangu, alikuwa amechuchumaa pembeni akinitazama. Alinusa maji, akakunja uso, kisha akauliza kwa uzito wote wa mwanafunzi wa darasa la pili: "Mama, kwani kuku nao wananyonya?"

Sikukuu ya Idi iliyopita bibi yake alikuwa amemsimulia jinsi nilivyopaka shubiri kumwachisha ziwa, tena kwa kuongeza chumvi. Nilimjibu kwamba kuku hawanyonyi, akaondoka zake akiwa ameridhika. Mimi nilibaki na utomvu wa njano vidoleni, na ile harufu ikanirudisha katika chumba chetu cha Dar es Salaam.

Wakati ule Kipusa alikuwa ametimiza miaka miwili na hakuwa na mpango wowote wa kuacha kunyonya. Chanzo cha yote, kwa maoni yangu, kilikuwa hesabu ya saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 ilinipa siku 84 za likizo ya uzazi, kisha ikanipa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha baada ya kurudi kazini. Ni haki nzuri kwa anayeishi mtaa wa pili kutoka ofisini kwake. Mimi nilikuwa nazimalizia saa zangu mbili nimesimama ndani ya daladala. Mtoto naye akajipangia utaratibu wake. Mchana alikubali vijiko vichache vya uji kutoka kwa dada wa kazi, kwa hisani tu, na usiku alinidai deni la siku nzima. Muuguzi wa kliniki aliniambia kwamba watoto wengi wanaoachwa mchana hufanya hivyohivyo, na kwamba hapakuwa na ugonjwa wowote hapo. Alipotazama mstari wa uzito kwenye kadi, hata hivyo, aliguna. Hakusema chochote, lakini mguno ule nilikwenda nao hadi nyumbani.

Kuhusu kuachisha, ushauri wake ulikuwa wa subira. Shirika la Afya Duniani linahimiza maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya mwanzo, kisha chakula pamoja na ziwa hadi miaka miwili au zaidi, kwa hiyo upande huo hapakuwa na anayenikimbiza. Alinitaka niondoe nyonyesho moja baada ya jingine, niweke chakula au mchezo mahali pake, na nyonyesho la usiku liwe la mwisho. Tulifaulu mchana wa Jumamosi na Jumapili. Usiku ulitushinda.

Baba watoto, ambaye hupenda kufunga mijadala kwa aya, alinikumbusha aya ya 233 ya Suratul-Baqara, inayotaja miaka miwili kamili kwa anayetaka kukamilisha kunyonyesha, kisha ikawaondolea lawama wazazi wanaoamua kuachisha kwa kuridhiana na kushauriana. Alisema kushauriana kulikwisha kufanyika. Nilimwambia kwamba, kwa kadiri nilivyosikia mimi, walioshauriana ni yeye na mama yangu, kwa simu.

Mama alifika na kikapu cha machungwa na majani ya mshubiri yaliyofungwa katika gazeti, kana kwamba Dar es Salaam nzima haina mshubiri. Yeye haamini habari ya kupunguza. "Kitu cha kuacha huachwa," alisema hata kabla hajavua baibui, kisha akaanza kunieleza dawa moja baada ya nyingine. Pilipili aliikataa kwa kuwa ni ukatili. Masizi humtia mtoto hofu ya usiku. Mwarobaini hufaa, lakini mtoto mkaidi huuzoea. Shubiri ndiyo iliyotuachisha sisi sote, watoto wake, na hakuna kati yetu aliyepata madhara yoyote anayoyajua yeye.

Nilipaka baada ya sala ya isha. Nilikuwa nimekaa kitandani ndani ya chandarua, taa ikiwaka, mama akiwa amesimama mlangoni kwa kisingizio cha kutafuta miwani yake. Kipusa alipanda, akajilaza mapajani pangu, akafungua vifungo vya gauni kwa vidole vyake viwili kama alivyozoea, akanyonya. Alisimama ghafla. Nilikuwa nimejiandaa kwa kilio, na hata maneno niliyofundishwa nilikuwa nayo ulimini, kwamba nyonyo limeharibika na sasa ni la kutupwa. Hakulia. Alitoa ulimi nje, akaupangusa kwa kiganja, akakitazama kiganja, kisha akalitazama ziwa kwa muda mrefu, akiligeuzageuza taratibu kama mama mnunuzi anavyomkagua samaki wa jana pale feri. Halafu akanitazama mimi usoni.

"Nyonyo lina nini?"

"Limeharibika, mwanangu. Chungu."

Alishuka kitandani kwa namna yake ya wakati ule, kinyumenyume, tumbo likiburuza shuka na miguu ikipapasa sakafu kabla ya kuiachia mikono. Alipita kando ya bibi yake bila kumsemesha. Tulisikia nyayo zake zikielekea jikoni, kisha kiti kikiburutwa, kisha kimya, na kimya cha mtoto wa miaka miwili jikoni ni jambo ambalo halipaswi kupuuzwa. Nilikuwa nimeinuka nusu niliposikia nyayo zikirudi. Mkononi alikuwa na kitambaa cha kupangusia meza, kimeloa na kinachuruzika, chenye harufu ya dagaa wa mchana.

Alipanda tena. Alilipangusa ziwa kwa uangalifu, kwanza juu, kisha kuzunguka, akakunja kitambaa akatumia upande wa pili, vile nilivyokuwa nikimpangusa yeye magoti kila alipoanguka uani. Alipomaliza aliinama akalipuliza mara mbili. "Pole, mama," alisema. Kisha akauliza, "Bado linauma?"

Sikuwa nimefundishwa jibu la swali hilo. Katika maelezo yote ya mama yangu mtoto huchukia, hulia, hununa au hukimbia. Hapakuwa na mahali ambapo mtoto hufanya uuguzi. Nilitazama mlangoni kutafuta msaada, nikamwona mama amejifunika mdomo kwa ncha ya kanga, na hadi leo hataki kukiri kama alikuwa anacheka au vinginevyo. Kwa hiyo nilisema lile lililokuwa jepesi kusemeka: "Bado kidogo."

Alitikisa kichwa. Alikaribia akalinusa, akaligusa kwa ncha ya ulimi, akakunja uso wote hadi macho yakapotea. "Bado," akathibitisha, akapangusa tena. Maji ya kitambaa yalikuwa yamefika kwenye shuka, na mimi niliyekuwa nimelowa hadi kiunoni sikuthubutu kujisogeza. Mwishoni alichoka. Alijilaza ubavuni mwangu, akaweka kiganja chake juu ya ziwa kwa uangalifu, akasema, "Kesho litapona," akalala. Kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alilala bila kunyonya.

Asubuhi mama yangu alitangaza ushindi kwa simu kwa dada zake wote. Sikumpinga, kwa sababu kwa hesabu yoyote ya kawaida ulikuwa ushindi. Usiku wa pili Kipusa aliuliza kama limepona, nikajibu bado, akapuliza, akalala. Usiku uliofuata ilikuwa vivyo hivyo. Kila usiku nilizidi kuwa mgonjwa wa ugonjwa usio na jina, na kila usiku mtoto alizidi kuwa na huruma, mpaka mama akaona mchezo huo hauna mwisho, akamchukua kwenda naye Muheza. "Twende zetu, mke mwenzangu," alimwambia, "tumwache huyu apate nafuu."

Nafuu yenyewe sikuipata upesi. Maziwa yalijaa hadi kwapa zikauma, na shangazi wa jirani alinifunga kanga kifuani kwa nguvu ambazo sikujua anazo. Muuguzi aliiona kanga ile akaifungua palepale. Alinieleza kwamba ziwa hutengeneza kwa kadiri linavyotolewa, kwa hiyo nikamue kidogo tu, kiasi cha kupunguza maumivu, na nisilimalize. Kwamba kitambaa cha maji baridi husaidia. Na kwamba nikipata homa au wekundu nisingoje kesho. Wiki ile ilipita. Nilienda kazini, nikarudi, nikalala usiku kucha, jambo nililolitamani kwa miaka miwili, na nilipolipata sikujua la kulifanyia.

Mwisho wa mwezi nilikwenda Muheza kumchukua. Alikuwa ameongezeka mashavu na alikuwa anakula ugali kwa kisamvu kama watu wazima, na aliponiona alinikimbilia, akanikumbatia, kisha akarudi kuendelea na mambo yake na vifaranga vya bibi. Wala hakuligusa gauni langu. Nilishukuru, nikaumia kidogo, nikashukuru tena.

Siku iliyofuata tulipanda basi la kurudi Dar es Salaam. Wakati huo daraja jipya la Wami lilikuwa bado halijafunguliwa, na magari yalipita kwa zamu kwenye lile la zamani, jembamba, lisilotosha magari mawili kupishana. Foleni ilikuwa ndefu siku hiyo. Dereva alizima injini, redio ikazimika nayo, na basi zima likaingia katika utulivu wa watu wanaosinzia kwa joto. Ndipo Kipusa, aliyekuwa amesimama juu ya mapaja yangu akitazama dirishani, alipogeuka na kuuliza kwa sauti iliyofika hadi kiti cha nyuma kabisa:

"Mama, nyonyo limepona?"

Basi lilicheka. Mzee wa kiti cha mbele, ambaye hakuwa amegeuka tangu Segera, aligeuka, akakumbuka adabu, akarudisha uso mbele. Mama mmoja wa upande wa pili, mwenye mtoto wake mgongoni, aliniambia kwa ukali wa kirafiki, "Mwambie limepona lakini yeye sasa ni mkubwa, dada, usije ukarudi nyuma." Kondakta akaniomba nimjibu mtoto ili safari iendelee. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani muda ambao mtoto yule alikuwa Muheza, katikati ya vifaranga na machungwa, akiwa bado na jambo lile moyoni.

"Limepona, mwanangu. Halina uchungu tena."

Nilijifunga kanga vizuri, nikingoja kitakachofuata, kwa sababu baada ya jibu hilo sikuwa na sababu yoyote iliyobaki ya kumnyima. Kipusa alinitazama kidogo. "Haya," alisema. Kisha akageukia dirishani, alikoona muuza mayai akipita na ndoo yake, akaomba yai na chumvi. Alilila lote, kiini nacho, ambacho kabla ya hapo alikuwa akikitema.

Nimejaribu mara nyingi kulielewa "haya" lile. Kuna siku huamini kwamba alikuwa anangoja habari ya kupona kwangu tu, na kwamba habari ya kunyonya aliimaliza zamani, usiku uleule wa kitambaa. Siku nyingine nakumbuka kwamba mtoto wa umri ule akiwekewa yai na ziwa kwa pamoja huchagua kilicho kipya, na kwamba kama foleni ya Wami isingekuwa na wachuuzi huenda kisa kingeishia pengine. Mama yangu haoni fumbo lolote. Kwake shubiri ilifanya kazi yake, basi. Nikimwuliza mbona mtoto hakuchukia, hujibu kwamba nilipaka kidogo mno.

Mheshimiwa, mdogo wake Kipusa, alipozaliwa niliapa kwamba yeye ataachishwa taratibu, kwa ushauri wa muuguzi, hatua kwa hatua. Hakunipa nafasi. Alikuwa hajafikisha hata mwaka mmoja na nusu alipolisukuma ziwa kwa mkono jioni moja, akaomba ndizi, na hakurudi tena. Nilimfuata nalo chumbani, sebuleni, hadi uani, mimi niliyekuwa nimetumia usiku mwingi nikilificha kwa dada yake. Mama yangu alipopata habari alisafiri kuja kwetu, safari hii na dawa ya kumrudisha mtoto kwenye ziwa, nayo ikashindwa.

Lakini Kipusa, aliyeonja shubiri, amelala peke yake chumbani kwake tangu alipofika miaka minne na hana shida na mtu. Mheshimiwa, aliyeacha mwenyewe bila hata kukunja uso, mpaka leo hapati usingizi asiposhika sikio langu, na akikuta nimelilalia hulivuta. Mama ameniambia kwamba hata dawa ya kuachisha sikio ipo. Sijamwuliza ni ipi.